Utamhubiria nani kama kila mtu kashasema amina?

Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliandika watu 922,128 kwamba hawana dini. Miaka kumi baadae, sensa ya 2019, wakawa 755,750, kama asilimia 1.6 ya nchi nzima, na hapo nchi yenyewe ilikuwa imeongezeka watu karibu milioni 9. Yaani watu wanaongezeka, shule zinaongezeka, intaneti imefika mpaka vijijini, halafu wasio na dini wanapungua. Mtu wa injili akiiona hiyo namba anasema kazi ya Bwana inazaa matunda. Asiyeamini akiiona anasema watu wanaogopa kusema. Mi nimeikalia hiyo namba muda mrefu na naona kila mmoja kashika kipande tu, na nimeamua kuandika sababu ugomvi wa wahubiri na wasioamini huku kwetu tunauongelea kama vile ni ugomvi wa spika na kelele za usiku, wakati tatizo lenyewe liko ndani zaidi ya hapo.

Angalia hao 755,750 wanaishi wapi. Kaunti iliyoongoza ni Kilifi. Mtu angetegemea Nairobi kwenye vyuo vikuu na maofisi, lakini ni Kilifi, kwa Wagiriama na ndugu zao wengine wa Mijikenda, sehemu ambayo bado kuna wazee wanaotambika, wanawakumbuka koma wao, yaani roho za mababu, wanamtaja Mulungu asubuhi na jioni, ila kanisani hawaendi na msikitini hawaendi. Karani wa sensa akifika akauliza dini, mzee kama huyo mmoja ataandikwa wa jadi na mwingine ataandikwa hana. Na hao wa jadi nao wameporomoka, toka 635,352 mwaka 2009 mpaka 318,727 mwaka 2019. Kwa hiyo naona sehemu kubwa ya huko kupungua ni wazee wanaoondoka na watoto wao kuingia makanisani na misikitini, haina uhusiano mkubwa na mtu aliyekaa akafikiri akafikia kusema hakuna Mungu.

Sasa geuza upande wa pili. Karani hamuulizi kila mtu chemba, anakaa na mkuu wa kaya au mtu mzima aliyemkuta pale, anaulizia watu wote wa nyumba. Baba anataja: mimi Mkatoliki, mama Mkatoliki, watoto wanne Wakatoliki, andika. Kati ya hao wanne kuna mmoja wa miaka 24 ambaye hajaamini chochote toka yuko kidato cha tatu, Jumapili anaenda misa, anasimama watu wakisimama, anapiga magoti wakipiga magoti, na baba hajui kitu. Kwenye ile namba huyo hayumo. Kwa hiyo tuna namba ambayo imejaza watu wanaomwamini Mungu na imewaacha nje wengi wasiomwamini, na ndo hiyohiyo tunaitumia kubishana nani anashinda. Huku Tanzania hata hiyo hatuna, sensa haijauliza dini toka 1967, na sababu zake zinaeleweka. Lakini nisichoweza kuacha kukifikiria ni huyo kijana wa miaka 24, na wenzake ambao hakuna anayejua wako wangapi.

Niseme wazi nimesimama wapi ili usinitafute: mimi ni muumini, nasali, na sina mpango wa kuacha. Naandika kwa ajili ya wasioamini kwa sababu nadhani sisi waumini hatujawaelewa, na tusipowaelewa hata hayo mahubiri tunayapiga hewani.

Upande wa mhubiri una hoja nzito na haifai kuipita haraka kama wanavyofanya watu wengi wa mitandaoni. Mtu anayeamini kwa moyo wote kwamba jirani yake anaelekea kupotea, halafu akanyamaza ili asionekane msumbufu, huyo imani yake ndo ya kuitilia shaka. Ezekieli 33 inasema mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Waislamu wana An-Nahl aya ya 125, waite watu kwenye njia ya Mola wako kwa hekima na mawaidha mema. Hilo ni agizo, mtu hawezi kuliweka pembeni kwa sababu mwenzie kachukia. Na katiba yetu ya Tanzania imelitambua hilo, ibara ya 19 inasema kazi ya kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini itakuwa huru na jambo la hiari ya mtu binafsi. Ongeza na haya mengine ambayo hayaandikwi sana, nani anaenda gerezani kumwona mfungwa ambaye ndugu zake walishamsahau, nani anakaa na mteja wa unga anayetetemeka kwa arosto, mara nyingi ni hawahawa walokole na vijana wa da'wa mnaowasema. Huyo anayepanda basi stendi saa kumi na moja alfajiri akahubiri dakika kumi, akaombea safari akashuka, hana mshahara popote.

Wasioamini wa mtandaoni nao wana makosa yao, hasa hii tabia ya kumwita kila anayesali mjinga au mtumwa wa akili, na kila mchungaji kumweka fungu moja na Paul Mackenzie, mhubiri wa Kenya anayetuhumiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge mpaka kufa, kwa yale ya msitu wa Shakahola mwaka 2023 ambako ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Huo ni uonevu. Walioumia Shakahola walikuwa waumini, na wengi wa waliolia na kukemea walikuwa waumini pia.

Lakini hapo ndo pa kupima vizuri, nani mwenye nguvu juu ya nani. Mhubiri akikataliwa anapoteza nini? Anaenda nyumba inayofuata. Asiyeamini akijulikana anapoteza nini? Chukua mfano wa wazi kabisa uliofanyika hadharani. Februari 2016 Kenya ilisajili chama cha wasioamini, Atheists in Kenya Society, mwenyekiti wao Harrison Mumia. Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa, wakati Githu Muigai ndo Mwanasheria Mkuu, hoja ikiwa ni amani na utulivu wa nchi. Nchi yenye ibara ya 8 inayosema hakuna dini ya serikali, na ibara ya 32 inayompa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani, na kwenye hiyohiyo 32 ikaongeza kwamba mtu asilazimishwe kufanya kitu kinachopingana na imani yake. Watu hawakuwa wamemchomea mtu kanisa, walijiandikisha tu. Chama kilirudi baadae na kinaendelea, ila fikiria ujumbe alioupata yule kijana wa miaka 24 siku ile. Kama watu wenye katiba, mawakili na waandishi wa habari walionekana hatari kwa amani, yeye mwenye baba tu atasema nini?

Halafu kuna tukio la Mei 2021 ambalo lilisambaa sana, wengi walilicheka wakapita, mi naona ndo lenye somo kubwa kuliko yote. Katibu wa chama hichohicho, Seth Mahiga, alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo na hataki tena kuendeleza mambo ya kutoamini. Chama kikatoa taarifa, kikamtakia heri katika uhusiano wake mpya na Yesu, kikamshukuru kwa utumishi wake wa mwaka mmoja na nusu, kikatangaza nafasi yake iko wazi. Basi. Hakuna aliyeambiwa ana pepo, hakuna kikao cha ukoo, hakuna aliyemwambia mkewe afikirie vizuri kama ataendelea kuishi naye. Sasa niambie mzee wa kanisa au imamu wa msikiti wowote unaoujua, akija akasema sasa siamini tena, ataagwa hivyo? Nimejaribu kufikiria kanisa ninalosali mimi na jibu nimelipata, na halinifurahishi.

Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kuhusu spika nasema hiyo ni ndogo, ina sheria zake, kuna mamlaka za mazingira, desibeli zinapimika. Kubwa ni zile sehemu ambazo anayehubiri ni huyohuyo aliyeshika mkate wako. Bosi anaanzisha maombi ya saa mbili asubuhi ofisini, ni hiari, ila kila mtu anajua nani hajaja. Nesi anamwombea mgonjwa kwanza ndo anaweka dripu. Namfahamu mwalimu ambaye anaongoza sala parade kila Jumatatu na hajaamini siku nyingi, kwa sababu mkuu wa shule ndo anayejaza fomu yake ya kupanda daraja. Julai 2025 Rais Ruto kasema anajenga kanisa ndani ya Ikulu ya Nairobi kwa pesa yake, wengine wakaona ni sifa kwa Mungu, ila ile ni ofisi ya Wakenya wote. Mhubiri wa stendi hana hizo nguvu hata chembe, ukimkatalia anakuombea heri. Na ndo maana inaniuma tunapomtupia yeye lawama zote wakati mwenye suti aliyeko ofisini hatumgusi.

Na juu ya yote hayo kuna mazishi. Ukimwambia mama wa Kitanzania huamini, hatakuuliza kuhusu asili ya ulimwengu wala uthibitisho wa Mungu, atakuuliza utazikwa na nani. Swali zito hilo, na mi sioni ni la kupuuzwa. Huku kwetu maiti inabebwa na jumuiya, kwaya inakuja, wanaume wanachimba, akina mama wanapika, kuna ratiba, kuna mtu wa kusimama kaburini. Kwa Waislamu kuna kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa. Asiyeamini anajua siku yake ikifika kiongozi wa jumuiya anaweza kusema huyu hatumtambui, na aibu haitampata yeye aliyelala, itampata mama yake. Ndo maana unasikia kwenye misiba mingi ile habari ya alitubu dakika za mwisho, hospitalini, alishika mkono wa mchungaji. Wengine wametubu kweli, Mungu anajua. Wengine ni familia inatafuta mtu wa kuja kuzika. Sheria ya Ndoa ya 1971 imempa asiye na dini mahali pa kufunga ndoa, anaenda bomani kwa msajili wa ndoa. Makaburi ya serikali hayana mlinzi anayeuliza cheti cha ubatizo. Kinachokosekana ni watu wa kusimama pale bila kumsingizia marehemu, na wa kwanza kujitolea nadhani wangekuwa sisi, sababu kuzika ndo kazi tunayoijua, na kumzika mtu hakumaanishi tumemtangaza mtakatifu.

Sasa mhubiri atauliza mimi inanihusu nini, kazi yangu ni kuhubiri. Inamhusu kuliko mtu yeyote. Injili inahitaji mtu aliyeko nje ili imkute, na sisi tumetengeneza jamii ambayo mtu hawezi kukiri kwamba yuko nje. Mchungaji anaangalia benchi zimejaa, wote wanaitikia amina, anahubiri wokovu kwa watu anaodhani walishaokoka, na yule kijana amekaa benchi la tano ana maswali kumi hajawahi kuyauliza kwa sababu siku akiyauliza anaitiwa maombi ya kufunguliwa. Angeachwa aseme, huenda angejibiwa. Huenda asingeshawishika pia, lakini angalau mngekuwa mnaongea.

Na maandiko hayakuacha jambo hili hewani. Mathayo 10:14, mtu asipowakaribisha wala kuyasikiliza maneno yenu, tokeni, kung'uteni mavumbi ya miguuni mwenu. Yesu mwenyewe aliweka utaratibu wa kukataliwa. Al-Baqara 256 inasema hapana kulazimisha katika dini. Paulo kule Athene, Matendo 17, alihubiri mbele ya watu wenye elimu zao, wengine wakamdhihaki, wengine wakamwambia tutakusikiliza tena siku nyingine, wachache wakaamini, akiwemo Dionisio na mwanamke jina lake Damari, na Paulo akaondoka akawaacha. Kaiacha Athene na wote wanaoongea wazi walichofikiri, na wale wachache walioamini hakuna aliyewalazimisha.

Mahali ambapo naona tunaweza kuanza bila kusubiri bunge wala katiba mpya ni kipindi cha dini mashuleni. Wanafunzi wa Kikristo chumba hiki, wa Kiislamu chumba kile, wanatoka mara moja au mbili kwa wiki, na hilo halina ubaya. Ila kuna mtoto mmoja mmoja ambaye nyumbani kwao hawana dini, au yeye mwenyewe wa kidato cha nne kashajitoa moyoni, na huyo anajikunja anafuata kundi la marafiki zake. Mwalimu wa dini akisema tu asiye na kundi anaweza kukaa maktaba asome, na asiandikwe mtoro, na mzazi asipigiwe simu, haitampunguzia Mungu kitu. Na mwaka unaofuata huyo mtoto akiingia mwenyewe kwenye kile chumba, mwalimu atajua kaja kwa miguu yake.