Gome la mkorosho likifika maabara

Wanaotaka miti yetu ya dawa ipimwe dhidi ya bakteria na vimelea wana hoja nzito, na huku Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, ina uzito zaidi. Malaria bado inatusumbua, antibayotiki tunajinunulia dukani bila cheti mpaka bakteria wanazizoea, na nyumba nyingi za Newala au Liwale huanza na mizizi kabla ya zahanati. Naunga mkono upimaji. Shaka yangu iko kwenye namna unavyofanywa na majibu yanavyosomwa.

Chukua gome la mkorosho, dawa ya kuharisha. Nyumbani linachemshwa hadi maji yawe mekundu kama kutu, mgonjwa anakunywa. Maabara mara nyingi gome husagwa na kulowekwa kwenye methanoli, aina ya alkoholi. Dondoo lake, yaani kilichotoka kwenye gome, hutiwa kwenye kikaratasi cha duara, kikaratasi kinawekwa juu ya kisahani kilichopandwa bakteria, na kesho yake wanapima kwa rula upana wa eneo ambalo bakteria hawakuota. Sasa, methanoli hutoa vitu ambavyo maji hayatoi. Eneo likiwa pana, kilichopimwa ni dawa ambayo hakuna anayeinywa. Lisipoonekana, bado hujui: kuharisha kwingine ni kwa virusi, na tanini za gome, vile vitu vyenye ukakasi, zaweza kukaza tumbo bila kuua bakteria hata mmoja. Tena mikorosho yetu hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, na salfa ni sumu inayoua kuvu. Gome lisiposafishwa vizuri, utapima dawa ya mkulima.

Njia ya kutayarisha dawa si jambo dogo. Tu Youyou, mtafiti wa Uchina aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, alikwama na dondoo za pakanga ya Kichina mpaka aliposoma kitabu cha kale kinachosema mmea ulowekwe na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Akahisi joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Hapo ikapatikana artemisinini, chimbuko la dawa mseto ya malaria tunayomeza leo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Maelezo ya wazee yalimwelekeza. Lakini bila maabara kusingejulikana kiasi cha dawa cha kumpa mtoto.

Waganga husema dawa zao zimepimwa na vizazi. Nawaheshimu, ila hapo sikubaliani nao kikamilifu. Vizazi huona sumu inayoua siku hiyohiyo. Ini linaloharibika taratibu halionekani kirahisi. Mtu mzima aliyezoea kuumwa na mbu wa huku homa yake yaweza kushuka yenyewe, sifa akapewa mzizi. Mtoto mchanga hana kinga hiyo, na mafuta ya mwarobaini aliyonyweshwa yanaweza kumdhuru. Mwenye homa apimwe malaria, akikutwa nayo apewe mseto, utafiti usubiri.

Lakini kinyongo cha waganga nakielewa. Mgeni huja, huandika majina ya miti, huondoka na magunia ya magome, na ripoti huishia kwenye lugha wasiyoisoma. Tangu 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Baraza lake lipo. Ningependa kila utafiti uanze kwa kupima maji yaleyale yanayonywewa, uangalie sumu mapema, na umrudishie majibu kwa Kiswahili mganga wa Tandahimba aliyeonyesha mti, hata kama jibu ni kwamba haukuua kitu.