Shamba la Kansas na kazi ya kukisia mtu yuko wapi

Karibu na mji mdogo wa Potwin, jimboni Kansas, Marekani, kuna shamba ambalo kwa miaka kadhaa lilifikiwa na polisi, maofisa wa FBI na watu wenye hasira waliotapeliwa mtandaoni. Waliokaa pale hawakuwa na kosa lolote. Kampuni ya MaxMind, inayouza orodha za kulinganisha anwani za IP (namba zinazotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti) na mahali, ilihitaji nukta ya kuweka kila ilipojua kwamba anwani iko Marekani bila kujua ni sehemu gani. Ikaanzia katikati ya nchi, ikachagua namba rahisi za jirani, latitudo 38 kaskazini na longitudo 97 magharibi, na nukta ikaangukia uani kwa watu. Habari ilipofichuka mwaka 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimebandikwa hapo. Kampuni ikaihamishia nukta ziwani.

Kwangu, kosa la hesabu pale lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba neno "sijui" liliandikwa kwa sura ya jibu la uhakika.

Hata hivyo, siwezi kuwalaumu wenye huduma za mtandaoni kwa kuitazama anwani. Kila ombi huja nayo, maana bila anwani seva, yaani kompyuta inayotoa huduma, haijui irudishe jibu wapi. Benki ikiona akaunti imefunguliwa Nairobi saa mbili usiku na dakika kumi baadaye imefunguliwa kutoka Ulaya, ina haki ya kushtuka. Seva inayopigwa na maelfu ya majaribio ya nywila kutoka anwani moja lazima ijikinge. Wanaotaka mahali pasiangaliwe kabisa hawajaniambia mwenye akaunti hiyo atalindwa na nini.

Shida ni kile anwani inachosema hasa. Kwa Afrika, anwani hugawiwa na shirika la AFRINIC lenye makao Mauritius, na daftari lake linaonyesha mtandao uliokabidhiwa fungu, si kijiji alipo mtumiaji. Tena anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Aliyeko Kigoma anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, kwa sababu ndiko mtandao wake unakotokea kwenda duniani. Mmoja wa wateja wanaotumia anwani moja akifanya uhuni, huduma inawachukulia wote kama samaki wa kapu moja, na wasiohusika wanabaki kuchagua picha za taa za barabarani ili kuthibitisha kwamba wao si roboti.

Hata huduma yenyewe inaweza kujidanganya. Ikiwa nyuma ya seva ya kati, inayopokea maombi na kuyapitisha kwake, anwani inayoiona ni ya seva hiyo. Ya mteja huandikwa kwenye mstari wa ombi uitwao X-Forwarded-For. Mstari huo mtu yeyote anaweza kuujaza apendavyo kabla ombi halijaondoka kwake. Sehemu ya kuaminika ni ile tu iliyoongezwa na seva ya kati unayoisimamia au unayoiamini. Mtengenezaji programu anayechukua anwani ya kwanza bila kuuliza nani ameiandika amempa mshambuliaji ruhusa ya kujichagulia mahali anapoonekana ametoka.

Na VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mahali pengine? Tapeli anaiwasha kwa sekunde chache, akaonekana yuko anakotaka. Msafiri mwaminifu ndiye anayefungiwa akaunti yake ugenini. Ndiyo maana naona mahali patumike kuamsha swali la ziada, kama namba ya uthibitisho kwenye simu, na pasiwe sababu pekee ya kufunga mlango.

Kwenye lugha ndiko uzembe unakonikera zaidi, kwa sababu hapo hakuna hata mwizi wa kumzuia. Msomaji wa Kiswahili aliyeko Muscat hufunguliwa ukurasa wa Kiarabu kwa kuwa anwani yake ni ya Oman, ilhali kivinjari chake kimeshataja, ndani ya ombi lile lile, lugha aliyoichagua mwenyewe.