Msimbo wa akili unde katika programu huria: nani atajibu maswali?

Aprili 2024 baraza la Gentoo, mfumo endeshi wa programu huria (programu ambazo msimbo wake uko wazi na watu wa nje huweza kuchangia), lilipiga kura kukataa mchango wowote uliotengenezwa kwa akili unde. Mwezi uliofuata NetBSD, mfumo endeshi mwingine, nayo ikatangaza kwamba msimbo wa namna hiyo utahesabiwa una doa mpaka viongozi wa mradi waukubali kwa maandishi. QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe, ilifunga mlango mwaka 2025. Mwaka huohuo Fedora, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ikaruhusu: tumia, useme umetumia, na ubebe dhamana ya ulichokileta.

Hoja ya QEMU ni ya kisheria, nami naiona nzito. Tangu 2004, anayepeleka msimbo kwenye Linux huthibitisha kwa jina lake kwamba ana haki ya kuutoa chini ya leseni ya mradi. QEMU hudai uthibitisho huohuo. Sasa mtu aliyepewa mistari mia mbili na mashine iliyolishwa misimbo ya leseni za kila aina atathibitisha nini? Asili yake haijui. Tena leseni kama GPL, inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, hupata nguvu kutokana na hakimiliki, na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inashikilia kuwa kazi ya mashine pekee haina ulinzi huo.

Lakini marufuku ina tundu kubwa: hakuna kipimo cha kuaminika cha kuutambua msimbo wa mashine. Mkweli anakataliwa, mfichaji anapita.

Yaliyotokea curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, yananifunza zaidi. Mwanzilishi wake, Daniel Stenberg, amelalamika mara nyingi kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na mashine: maelezo marefu, lugha ya kitaalamu, kasoro yenyewe haipo. Kila moja ilibidi isomwe. Kisha mwaka 2025 mtaalamu mmoja akatumia zana za akili unde, akachuja matokeo, na curl ikarekebisha makumi ya hitilafu za kweli. Huyu alikuwa amesoma kabla ya kutuma.

Ndiyo maana nadhani mjadala wa asili ya msimbo, pamoja na uzito wake, unaficha suala la muda wa mhakiki, yule anayekagua msimbo kabla haujapokelewa. Kuandika kumekuwa kazi ya dakika. Kuhakiki bado ni kazi ya jioni nzima, na miradi mingi ina watu wawili au watatu wanaojitolea. Kwa hao naunga mkono marufuku hata kama haina meno kamili, kwa sababu inawapa haki ya kufunga mchango bila kuandika kurasa za maelezo.

Kwa miradi mikubwa njia ya Fedora inafaa, ila kutangaza tu hakutoshi. Mchangiaji aweze kujibu maswali kwa maneno yake. Wapo wanaochukua swali la mhakiki, wakalipeleka kwa mashine, wakabandika jibu. Mhakiki humvumilia mgeni na makosa yake akitarajia kwamba baada ya mwaka au miwili mgeni huyo atakaa upande wa pili na kuhakiki kazi za wengine. Anayebandika majibu hafiki huko.