Sharti la Fedha Katika Viza ya Masomo Lina Watetezi Wachache Mno

Kati ya masharti yote anayokutana nayo mwombaji wa viza ya masomo, hakuna linalolaumiwa kama lile la kuonyesha fedha. Barua ya udahili huonekana kuwa jambo la haki, mtihani wa lugha huvumilika, na vipimo vya afya hufanywa bila manung'uniko makubwa. Lakini mwombaji anapotakiwa kuthibitisha kwamba anazo fedha za kujikimu mwaka mzima hata kabla hajaingia darasani, huliona sharti hilo kuwa limewekwa makusudi ili mtoto wa maskini asipite. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, nami nitairejea. Hata hivyo imezoeleka kiasi kwamba hoja ya upande wa pili haisikiki tena, ilhali ni hoja nzito, na ushahidi wake ulio wazi zaidi umetoka Kanada.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kanada ilimtaka mwanafunzi anayekwenda peke yake aonyeshe dola 10,000 za nchi hiyo kwa ajili ya kujikimu kwa mwaka, mbali na ada na nauli. Kiasi hicho hakikuguswa kwa takribani miongo miwili, huku bei za bidhaa na huduma nchini humo zikipanda kwa zaidi ya nusu. Ilipofika tarehe 1 Januari 2024, kiwango kikapandishwa hadi dola 20,635. Wengi waliusoma uamuzi huo kama mbinu ya kupunguza wageni, na hawakukosea kabisa, kwa kuwa mwezi huohuo serikali ilitangaza pia ukomo wa idadi ya vibali vya masomo. Lakini tarakimu yenyewe inastahili kutazamwa kwa utulivu. Haikuokotwa hewani: ni asilimia 75 ya kipimo ambacho idara ya takwimu ya nchi hiyo hukitumia kutambua watu wenye kipato duni. Maana yake ni kwamba hata baada ya kiwango kuongezwa maradufu, mwanafunzi bado aliruhusiwa kuingia akiwa na fedha pungufu kuliko zile ambazo mwenyeji akiwa nazo huhesabiwa kuwa na kipato duni. Na tukizipima zile 10,000 za awali kwa hesabu hiyohiyo, tunakuta kwamba kufikia wakati huo zilikuwa kama asilimia 36 tu ya kipimo hicho.

Asilimia hiyo 36 ndiyo inayonifanya nisite kuungana na wanaodai kwamba kiwango kidogo ni huruma. Serikali inapotamka kwamba kiasi fulani kinatosha, mzazi aliye mbali huipokea kauli hiyo kama makadirio ya kweli ya maisha ya huko. Huuza kiwanja, hukopa, hukusanya kwa ndugu mpaka kiasi kitimie, kisha hupumua. Mwanafunzi hufika na kugundua kwamba fedha za mwaka zinaisha ndani ya miezi michache. Huanza kusaka kazi za usiku, hubanana na wenzake katika chumba kimoja, na wengine hufika kwenye vituo vya kugawa chakula cha msaada. Kuanzia Novemba 2022 hadi mwisho wa Aprili 2024, Kanada iliondoa kwa muda hata ukomo wa saa 20 za kazi kwa wiki nje ya chuo. Hatua hiyo ilitangazwa kuwa tiba ya upungufu wa wafanyakazi, wala haikufichwa kwamba aliyetegemewa kuziba pengo hilo ni mtu aliyepewa kibali cha kusoma. Waajiri walipata vibarua, na vyuo viliendelea kukusanya kwa wageni ada zinazozidi mara kadhaa zile za wenyeji. Sioni ni wapi katika mpango huo mwanafunzi alihurumiwa.

Kiwango kinacholingana na gharama halisi, basi, ni taarifa kabla ya kuwa kizuizi. Kinamweleza mwombaji jambo ambalo wakala wa vyuo hatamweleza, hasa wakala anayelipwa kamisheni kwa kila anayejiandikisha.

Lililo gumu kutetea ni namna baadhi ya nchi zinavyoupima uwezo huo. Uingereza hutaka fedha zikae kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na akaunti hiyo iwe ya mwombaji mwenyewe, ya mwenzi wake, au ya mzazi ama mlezi wake wa kisheria. Mjomba aliyemsomesha tangu shule ya msingi hahesabiki, hata awe na uwezo kiasi gani, labda fedha zake zihamishiwe kwenye akaunti inayokubalika; na zikishahamishwa kwa ajili ya siku hizo 28, hakuna kinachothibitisha kwamba zitabaki kwa siku ya 29. Kipimo cha namna hii humwangusha mkweli aliyetoa fedha kidogo kwa dharura na humpitisha aliyeazima kwa mwezi mmoja. Isitoshe, raia wa nchi kadhaa huruhusiwa kutuma maombi bila kuambatisha ushahidi huo, ingawa sharti lenyewe linawahusu na wanaweza kuulizwa baadaye. Hapo wanaolalamika kuhusu ubaguzi wana haki ya kusikilizwa.

Ujerumani imelifikia lengo hilohilo kwa njia ya busara zaidi. Mwombaji anaweza kuweka fedha za mwaka, yuro 11,904 kwa kiwango cha kuanzia Septemba 2024, katika akaunti iliyozuiwa, inayoachia yuro 992 kila mwezi baada ya yeye kufika. Ni fedha nyingi kwa familia ya kawaida, lakini angalau ndizo atakazokula.

Nashuku pia kwamba sehemu ya hasira inayoelekezwa kwenye taarifa ya benki ilistahili kuelekezwa kwingine, yaani kwenye sharti la kuthibitisha nia ya kurudi nyumbani. Fedha huhesabika, nia haihesabiki. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, katika kifungu chake cha 214(b), humchukulia mwombaji kuwa mhamiaji mpaka atakapomridhisha afisa kwamba si hivyo, katika mahojiano ambayo mara nyingi ni ya dakika chache, na uamuzi wake haukatiwi rufaa. Nchi hiyohiyo humruhusu mhitimu kufanya kazi miezi 12 baada ya masomo, na miezi mingine 24 akiwa amesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Australia iliachana na kipimo chake cha ukaaji wa muda mnamo Machi 2024 na kuanza kuuliza iwapo mwombaji ni mwanafunzi wa kweli, swali ambalo angalau vyeti na mpango wa masomo vinaweza kulijibu.

Anabaki yule mtoto wa maskini mwenye kipaji. Kwake, kushusha kiwango hakuleti chumba wala chakula. Barua nyingi za ufadhili husamehe ada tu, au sehemu yake, na kuziacha gharama za kujikimu mikononi mwa mwombaji; chuo kinachomtaka kwa dhati kingezilipa hizo pia, kwa maandishi, nalo sharti la fedha lingekuwa limetimia kabla hajafika mbele ya afisa wa viza.