Dramu ya umeme: anza kuichagua kwa mguu

Muuzaji akitaka kukuvutia atakutajia idadi ya sauti. Alesis Nitro Mesh, kwa mfano, ina sauti 385 na seti 40 za sauti, na hesabu hiyo haikosekani kwenye matangazo. Mpigaji wa kwaya atatumia seti za sauti mbili, pengine tatu. Jirani wa ghorofa ya chini hatasikia hata moja, maana zote zinaishia kwenye hedfoni. Yeye anasikia mguu wako.

Dramu hizi huitwa za kimya, lakini zina kelele za aina mbili. Ya kwanza hupita hewani: kijiti kinapogonga pedi, yaani kibao kinachopigwa badala ya ngoma. Ya pili hupita ndani ya jengo. Nyundo ya pedali inagonga, mtikisiko unashuka kwenye miguu ya fremu, unaingia kwenye zege, na dari ya jirani inageuka spika. Kufunga madirisha na kutundika mapazia mazito kunapunguza ile ya kwanza kidogo. Ya pili haiguswi kabisa.

Kwa hiyo kama unaishi ghorofani, tazama kiki, ngoma ya mguu, kabla ya kitu kingine chochote. Seti nyingi za bei nafuu, Nitro ikiwemo, huja na mnara mdogo, pedi ya kiki iliyosimama, unaogongwa na pedali yenye nyundo ya kawaida. Mguu unajifunza vizuri, sakafu inaumia. Yamaha DTX402K ina pedali isiyo na nyundo: ni kama kukanyaga swichi. Pedi zake ni za mpira, na wapenda ngozi za wavu, yaani pedi zilizovikwa wavu uliokazwa, huidharau kwa hilo, ila kwa jirani wa chini huenda ikawa na nafuu kuliko seti ya wavu yenye mnara. Gharama yake utailipa Jumapili ukikalia dramu halisi, kwa sababu mguu haujazoea kurudishwa na nyundo. Katikati kuna pedali kama Roland KT-10, ambayo nyundo yake imo kwenye pedali yenyewe na haihitaji mnara. Ni ghali, lakini kwa mtu wa ghorofani ningeipa kipaumbele kuliko tomu (ngoma za kujazia) ya nne au krashi (toazi la kishindo) ya pili.

Ukishanunua yenye mnara, usitegemee zulia. Zulia huzuia seti isiteleze, basi. Godoro nalo hubonyea chini ya miguu ya fremu mpaka likose kazi, na seti inayumba. Kinachofanya kazi ni jukwaa la mipira ya tenisi. Nunua plaiwudi moja ya milimita 18, ya futi 8 kwa 4, ikatwe katikati upate vipande viwili vya futi 4 kwa 4. Fundi seremala atoboe matundu ya sentimita 5 kwenye vyote viwili, yakilingana, safu tano za matundu matano. Mpira wa tenisi una kipenyo cha karibu sentimita 6.7, kwa hiyo utazama kama sentimita moja tu kila upande bila kutokeza juu. Weka mipira 25, funika kwa kipande cha pili, tandika zulia juu. Mpigaji, kigoda na seti vikifika kilo 110, kila mpira unabeba kilo nne na kitu. Mipira iliyochakaa ya viwanjani inafaa, mradi haijalegea.

Jukwaa hili huharibika kwa njia mbili. Likigusa ukuta, au kabati, mtikisiko unapata njia nyingine na kazi yote inapotea. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande. Na kigoda kikibaki sakafuni nje ya jukwaa, uzito unaelemea mbele na ubao unainama. Kigoda kikae juu, hata kama mtabanana.

Kwa nyumba za chini, hasa vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu, hesabu inageuka. Sakafu ya saruji imelala juu ya udongo, haimsumbui mtu. Tatizo ni kuta zinazoishia usawa wa dari, na juu yake uwazi mmoja chini ya bati kwa wapangaji wote. Hapo ngozi za wavu zinastahili bei yake. Roland walizileta kwenye TD-10 mwaka 1997, na leo ziko hata kwenye seti za chini. Kumbuka tu kwamba matoazi bado ni ya mpira karibu kwenye kila seti, na kwenye wavu ndiyo yanayosikika zaidi. Haihati, matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, inayopigwa bila kupumzika ni tak-tak-tak ya saa nzima. Tumia vijiti vyenye ncha ya nailoni: ncha ya mbao ikichanika nyuzi inakata wavu.

Sasa muziki wenyewe. Anayepiga rumba na sebene hahitaji tomu nyingi. Anahitaji ukingo wa sneya, ile ngoma kali ya mbele ya mpigaji, na haihati. Dukani, weka sauti ya kutosha ujaribu haya: laza kijiti juu ya sneya ugonge ukingo, uone kama inatoa sauti yake au inatoa sneya ileile. Fungua haihati nusu. Seti dhaifu zinajua wazi na kufungwa tu, na sebene bila ile nusu inakauka. Piga sneya polepole kwa vidole mpaka isikike kwa shida, kwa sababu moduli (kisanduku kinachotoa sauti) mbovu humeza mapigo madogo. Kisha kanyaga kiki mara mbili za haraka. Ukisikia tatu, kuna tatizo la unyeti, ambalo kwa kawaida hurekebishwa kwenye mipangilio. Tomu ikilia unapogonga krashi, ni mtikisiko unaosafiri kwenye fremu; kaza vibano kwanza, ndipo upunguze unyeti wa pedi ile. Mwisho zima sauti yote, upige, na mwenzako asimame chumba cha pili asikilize.

Hedfoni ziwe za waya na zifunike sikio lote. Za bluututhi mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Mkono umeshagonga, sauti bado iko njiani, na utalaumu moduli bure. Angalia pia tundu: moduli nyingine ni za milimita 6.35, hedfoni za simu ni 3.5, kwa hiyo nunua kiunganishi siku hiyohiyo.

Seti za mitumba kutoka Marekani au Japani zina mtego mmoja: adapta. Soma maandishi madogo. Pakiandikwa 100–240V, chomeka. Pakiandikwa 120V au 100V peke yake, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiua papo hapo, na pengine moduli pamoja nayo. Unapotafuta mbadala, volti za kutoka na mpangilio wa chanya na hasi kwenye ncha lazima vilingane na vilivyoandikwa kwenye moduli. Ampea zikizidi si neno.