Matunzo ya mdomo

Mwishoni mwa 2015 kaka yangu na wifi, wote watoto wa Tanga wanaoishi Marekani, walitengana. Kikao kilifanyika kwa simu, barazani kwa baba mkubwa hapa Ngamiani. Simu iliwekwa mkekani, sauti juu, pembeni ya birika la kahawa. Baba mkubwa akasema kaka atoe dola 600 kila mwezi za kumtunza mwenzake. Wote wakaitikia, fatiha ikasomwa. Hakuna aliyeshika kalamu.

Kaka alilipa 2016 nzima bila kuruka mwezi: dola 7,200. Wakati huo sheria ya kodi ya Marekani ilimruhusu mlipaji kuyapunguza matunzo ya mwenza kwenye kipato chake kinachotozwa kodi, na mpokeaji ndiye aliyeyalipia kodi. Lakini lazima yawe yametokana na amri ya mahakama au makubaliano ya maandishi. Kaka akayapunguza. Watu wa kodi wakamuuliza karatasi, akapeleka taarifa za benki. Zile zinaonyesha pesa ilikwenda kwa nani, hazisemi ilikuwa ya nini. Akataka waandikishane haraka na wifi. Akaambiwa maandishi ya leo hayafuniki malipo ya jana. Kodi akailipa, na riba juu.

(Kwa talaka na makubaliano ya kuanzia 2019, nafuu hiyo imefutwa: mlipaji hapunguziwi, mpokeaji hatozwi.)

Inaniuma sana nikisikia kwamba kuandikishana ni kutoaminiana. Wazee walewale wakiuziana kiwanja hutafuta karatasi, mashahidi na wino wa dole gumba. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni. Sasa chakula na kodi ya nyumba ya mwanamke uliyeishi naye miaka tisa si deni? Mali bila daftari huisha bila habari, tunawaambia watoto wenye vibanda vya maandazi, halafu mambo ya ndoa tunayaacha yaelee hewani.

Na si Marekani tu. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo, lakini mwanamke anayedai "tulikubaliana laki moja" akikanushwa, atabaki kutegemea kumbukumbu za waliokuwepo. Ukurasa mmoja wa daftari, kiasi, tarehe, saini mbili na mashahidi, ungemsaidia yeye na hata huyo anayelipa.

Baba mkubwa, aliyeitaja ile 600, tulimzika mwaka juzi.