Wathai wana mambo kumi ya mfalme, sisi tuna asilimia kumi

Huku Thailand yanaitwa thotsaphit ratchatham, mambo kumi ya mfalme: kutoa, kushika maadili, kujinyima kwa ajili ya watu, unyofu, upole, kuepuka anasa, kutokasirika, kutodhuru, subira, na la kumi, kutokwenda kinyume na haki. Mfalme Bhumibol alipotawazwa tarehe 5 Mei 1950 aliapa kutawala kwa haki, kwa faida na furaha ya watu wa Siam, na Wathai wengi hukiunganisha kiapo hicho na haya kumi.

Mtanzania akiyasikia ataguna: hasira ya mfalme inapimwa kwa kipimo gani? Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, tamko letu la ujamaa la 1967, ilihesabika. Kiongozi asiwe na hisa, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asile mishahara miwili, asipangishe nyumba. Nyumba unaziona kwa macho. Huku, sheria ya kumkashifu mfalme inabeba miaka 3 hadi 15 jela kwa kila kosa, basi nani aulizie subira yake? Hapo kwetu tulikuwa mbele, mpaka 1991 Azimio la Zanzibar lilipotulegezea miiko hiyo.

Ila wanaoishia kwenye orodha wanaacha nyama wanakula mfupa. Nyama imo kwenye hotuba za Buddha zenyewe. Katika mojawapo, mfalme analinda mipaka vizuri ila hawapi maskini mali. Umaskini unazaa wizi. Mwizi wa kwanza akiletwa anakiri: sina cha kuishi. Mfalme anampa mtaji. Habari inasambaa kwamba ukiiba unalipwa, na wizi unazidi. Mfalme anageuka: mwizi ananyolewa, anatembezwa mitaani kwa ngoma, anakatwa kichwa nje ya lango la kusini. Wezi nao wananoa mapanga, wanawaua wenye mali. Umri wa binadamu unashuka kutoka miaka 80,000 hadi 40,000, na mwisho 10. Kosa halikuwa kutoa mtaji, ni kuutoa kwa kuchelewa, na kwa mwizi.

Hotuba nyingine inaweka mpangilio sawa. Nchi imejaa wanyang'anyi na mfalme anataka kafara kubwa. Mshauri anamkataza kuongeza kodi, na anamwambia ukiua na kufunga, watakaobaki watarudi. Mpe mkulima na mfugaji mbegu na malisho, mfanyabiashara mtaji, mtumishi chakula na mshahara.

Sisi tunayo sehemu ya hayo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa kuzidi, ikarudi 2024. Ni mpango mzuri kuliko tunavyousema, tatizo ni kwamba unatolewa kama hisani, kwa picha na hundi kubwa ya mfano, wakati hotuba ile inauweka kuwa deni la mtawala. Na vijana wakikosa, tunakimbilia lango la kusini: msako wa panya road, magenge ya vijana wanaopora mitaani Dar es Salaam.

Matokeo ya ushauri wa hotuba ile ya pili yameandikwa humo humo: watu wakawachezesha watoto mikononi, wakakaa milango wazi. Ila leo nyumba za kawaida za Bangkok madirisha yana nondo, kama Sinza ya Dar es Salaam.